Jino Lililonyamaza

Usiku wa kumi na moja jino liliacha kuuma. Nilikuwa nimelala huku nimekaa, mgongo ukutani, chupa ya maji baridi mkononi, kwa sababu maji hayo ndiyo pekee yaliyokuwa yakilituliza kwa dakika moja au mbili. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshachomoza na kinywa kilikuwa kimya. Niligusa gego kwa ulimi, nikaligonga kwa ukucha, nikanywa kitu cha moto. Hakuna. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikafuta miadi niliyokuwa nimeweka kwa daktari wa meno, maisha yakaendelea.

Miezi saba baadaye niliamka shavu la kulia limevimba hadi chini ya taya, na kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa vidole viwili.

Naandika kwa sababu ya miezi hiyo saba. Tangu wakati ule nimezungumza na watu wengi, na karibu kila mmoja ana jino la namna hiyo: liliuma kweli kweli, likaacha lenyewe, likasahaulika. Wanalisimulia kama habari njema. Nami nililisimulia hivyo hivyo. Jino lililouma kwa siku nyingi kisha likanyamaza bila kutibiwa halijapona. Limekufa, na lililokufa ndani ya mfupa wa mtu aliye hai halikai bure.

Kwa nje jino lina enameli, kitu kigumu kuliko kingine chochote mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na imejaa vijitundu vyembamba vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa kuna kiini, chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, kinachoteremka hadi kwenye ncha za mizizi. Kidole kikiumia kinavimba kwa sababu ngozi inatanuka. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, na kikivimba hakina pa kwenda. Shinikizo linapanda palepale kilipo. Ndiyo maana jino linaloumwa linadunda kwa mapigo ya moyo, na ndiyo maana ukilala kitandani, damu ikikimbilia kichwani, maumivu yanazidi.

Tumezoea kusema jino limeliwa na wadudu, na wazo hilo ni la kale mno. Watu wa Mesopotamia waliandika habari za mnyoo wa jino maelfu ya miaka iliyopita. Mfaransa Pierre Fauchard aliukataa mnyoo huo mwaka 1728. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, alieleza jambo lenyewe: vijidudu vinavyoishi kinywani hula sukari na wanga tunavyokula, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya jino. Kwa hiyo wadudu wapo, msemo wetu haukukosea sana. Ila hawatafuni. Wanayeyusha.

Ukali wa asidi hupimwa kwa pH, na kadiri kipimo hicho kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Kinywani kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli inaanza kupoteza madini. Mate yanafanya kazi ya kukirudisha juu, lakini yanahitaji muda, nusu saa hadi saa nzima. Mtu anayekula kitu kitamu mara moja kisha akaacha anayapa mate nafasi ya kurekebisha. Anayeonja kidogo kidogo kutwa nzima anakiweka kinywa chake ndani ya asidi tangu asubuhi hadi usiku, hata kama jumla ya sukari yake ni ndogo kuliko ya mwenzake. Mimi nilikuwa mtu wa kunywa kitu kitamu kwa vifunda vidogo vidogo mezani pa kazi kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Nilidhani kwa kuwa nakunywa polepole najitendea haki.

Kuoza huanza na doa jeupe, lisilong'aa, kama chaki. Hapo bado hakuna tundu, na jino linaweza kurudishiwa madini kwa usafi na floridi, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za meno. Enameli ikishabomoka hairudi, maana haina chembe hai za kuijenga upya. Tundu likifika kwenye dentini unaanza kushtuka kwa kitu kitamu au cha baridi, na mshtuko unaisha ndani ya sekunde chache. Kwangu hatua hiyo ilidumu wiki nyingi. Kiini kilikuwa kimewashwa lakini kingeweza kutulia, na kuziba tu kungetosha. Kisha baridi ikaanza kuacha maumivu yanayoendelea dakika nzima. Kisha joto likawa baya kuliko baridi. Kisha likaanza kuuma lenyewe, usiku, bila kuguswa na chochote. Laiti ningejua kusoma mpangilio huo! Maumivu yanayoondoka mara moja na maumivu yanayong'ang'ania ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inasema ziba. Ya pili inasema kiini kinakufa.

Kuziba lenyewe ni jambo la kawaida, na watu wanaliogopa kuliko linavyostahili. Daktari anaondoa sehemu iliyooza, anasafisha, anajaza. Kuna amalgamu ya rangi ya fedha, mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine, inayodumu miaka mingi. Matumizi yake yanapunguzwa duniani chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kwa sababu ya madhara ya zebaki kwa mazingira. Kuna kompoziti ya rangi ya jino, inayogandishwa kwa mwanga wa buluu. Na kuna saruji ya glasi ayonoma, inayoshikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Hii ya mwisho hutumika leo pamoja na mbinu ambayo kisa chake nakipenda sana. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa mahali pa kwanza kutumika mbinu ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba, bila mashine wala umeme, na leo mbinu hiyo inatumika katika nchi nyingi. Kwa mtoto anayetetemeka akisikia mlio wa mashine, ni rehema kubwa.

Nilipita hatua zote hizo bila kwenda. Ndipo ukaja usiku wa kumi na moja. Shinikizo lilikuwa limepanda hadi mishipa midogo ya damu inayoingia kupitia ncha ya mzizi ikabanwa, damu ikakatika, na mshipa wa fahamu ukafa pamoja na kiini chote. Maumivu yaliisha kwa sababu aliyekuwa akipiga kelele hakuwapo tena. Vijidudu viliendelea. Viliishi kwenye nyama iliyooza ndani ya mizizi, vikatoka taratibu kupitia nchani, vikaanza kuula mfupa wa taya. Katika miezi hiyo nilipata kijipele kwenye ufizi, karibu na gego lile. Kilikuwa kinapasuka, kinatoa maji ya chumvichumvi, kinapotea, kinarudi. Nilikitumbua mara mbili na kukisahau. Kilikuwa mlango wa usaha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na sijui kama kuna mahali methali hiyo inakaa sawasawa kuliko kwenye taya la mtu.

Siku ya uvimbe nilikwenda kituo kilichokuwa karibu. Nilipewa antibayotiki na dawa ya maumivu, hakuna aliyenifungua kinywa kwa muda wa kutosha, nikarudi nyumbani. Uvimbe ulipungua baada ya siku tatu. Wiki tatu baadaye ulirudi, mkubwa zaidi. Nimeona watu wengi wakizunguka kwenye mduara huu kwa miaka, dawa, nafuu, uvimbe, dawa. Antibayotiki husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Dawa inapunguza vita vya nje ya mzizi lakini haiifikii ngome yenyewe. Inahitajika kweli pale maambukizi yanaposambaa, mtu ana homa, uso unavimba. Na hata hapo ni msaidizi tu. Chanzo lazima kifunguliwe, ama kwa kusafisha mizizi ama kwa kung'oa.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Uvimbe ukiteremka chini ya taya na shingoni, ukawa mgumu, ulimi ukainuliwa, kumeza au kupumua kukawa kazi, usisubiri asubuhi. Hali hiyo ilielezwa na daktari Mjerumani von Ludwig mwaka 1836 na hadi leo ina jina lake, na hadi leo inaua kwa kuziba njia ya hewa. Ni ya kukimbizwa hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Mara ya pili nilikwenda kwa daktari wa meno, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alichovya kipande cha pamba kwenye dawa ya baridi kali akakigusisha kwenye meno ya jirani. Niliruka. Alipokigusisha kwenye gego langu sikuhisi kitu. Akapiga picha ya eksirei, akanionyesha kivuli cheusi, duara kwenye ncha ya mzizi.

"Hapa mfupa umeliwa," akasema. "Dada, jino hili limekufa siku nyingi. Liliacha kuuma lini?"

Nikamwambia miezi saba na wiki kadhaa.

"Basi ndiyo siku lilipokufa."

Nilikaa kwenye kile kiti nikikumbuka jinsi nilivyoshukuru asubuhi ile.

Alinipa njia mbili, kung'oa au kutibu mizizi, na akanieleza zote bila kunisukuma. Kwanza alitoboa njia usaha utoke, na unafuu wa dakika ile siwezi kuueleza. Baada ya siku kadhaa nilirudi kwa matibabu ya mizizi, jambo ambalo watu huliita kuua mshipa ingawa kwangu mshipa ulikuwa umeshakufa.

Nililiogopa mno, kwa hiyo nitalieleza polepole. Sindano ya ganzi ilichomwa nyuma kabisa ya taya, na baada ya dakika chache nusu ya mdomo wa chini na upande mmoja wa ulimi ukafa ganzi. Dawa ya jamii hiyo inayotumika zaidi, lidokeini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Kabla ya dawa za ganzi watu walishikwa mikono na miguu. Nilijifunza pia kwa nini baadhi ya watu huapa kwamba ganzi haikuwashika: tishu yenye uvimbe mkali inakuwa na asidi, na asidi hiyo hudhoofisha dawa. Mgonjwa huyo haongopi wala si mwoga. Alikuja wakati jino limewaka, na daktari anapaswa kuongeza dawa, kubadili mahali pa kuchoma, au kutuliza kwanza. Kama unahisi maumivu, inua mkono. Tulikubaliana na daktari wangu ishara hiyo kabla hajaanza, na kujua kwamba mkono wangu unaweza kumsimamisha kulinitoa hofu kuliko maneno yote.

Akatandaza kitambaa chembamba cha mpira juu ya kinywa, jino pekee likachomoza, ili mate yasiingie na vifaa visianguke kooni. Akatoboa juu ya gego hadi kwenye kiini. Gego langu la chini lilikuwa na mifereji mitatu. Magego ya juu mara nyingi yana minne, na mfereji mmoja uliosahaulika unatosha kuharibu kazi yote. Akaingiza visindano vyembamba vyenye makali pembeni, akipima urefu, akisugua kuta, akisukutua kwa maji ya klorini ya jamii ile ile inayong'arisha nguo nyeupe. Hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na uchovu wa taya na harufu ya dawa. Akaweka dawa ndani, akaziba kwa muda, nikarudi baada ya wiki mbili. Mara ya pili alijaza mifereji kwa gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki uliotumika katika meno tangu karne ya 19, akaziba juu, na baadaye akalivisha kofia. Kofia hiyo si urembo. Gego lililotobolewa katikati limebaki na kuta nyembamba, na bila kofia linaweza kupasuka siku moja ukitafuna, hadi kwenye mzizi, na hapo hakuna la kuokoa.

Sisemi kila mtu achague kama mimi. Jino lililovunjika hadi chini ya ufizi, au mtu asiyeweza kurudi mara tatu nne, au mfupa ulioliwa sana: kung'oa ni matibabu halali, na ni heshima kwa mgonjwa kumwambia hivyo. Pengo lina gharama zake. Meno ya jirani hulalia upande wa uwazi, la juu hushuka, mfupa hupungua. Baadaye unafikiria meno ya bandia, daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, au skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye taya. Ukishang'olewa, uma pamba kwa nusu saa, usisukutue kwa nguvu siku ile, na usivute sigara. Donge la damu lililo shimoni ndilo linalofunika kidonda. Likitoka, mfupa unabaki wazi na siku ya tatu maumivu yanakuwa makali kuliko ya jino lenyewe. Chaguo baya ni moja tu, kuliacha jino lililokufa likae kwa sababu haliumi.

Kuhusu dawa za nyumbani: mafuta ya karafuu yanatuliza kweli, kwa kuwa yana eugenoli, na eugenoli hiyo hiyo madaktari huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kiziba cha muda. Lakini yanatuliza tu, na yakimwagika kwenye ufizi bila kuzimuliwa yanaunguza. Kuweka aspirini kwenye ufizi ni kuunguza nyama bila faida. Aspirini hufanya kazi ikimezwa.

Mama yangu alipoteza meno tisa na hakuna hata moja lililokuwa na tundu. Yalilegea moja baada ya jingine, akayatoa kwa vidole au kwa daktari, na sote tukasema ni uzee. Baada ya kisa changu nilimpeleka. Daktari akaingiza kifaa chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi. Kwa mtu mzima wa afya kinazama milimita 1 hadi 3, kwa mama mahali pengine kilizama 7. Ufizi ulikuwa umeachana na jino na mfupa ulikuwa umepungua chini yake. Wala hakuwahi kuhisi maumivu. Fizi zilikuwa zikitoka damu tangu mimi nikiwa mtoto, na kila zilipotoka damu alipunguza kupiga mswaki hapo, akizihurumia.

Huruma hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Denmark: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno, na ndani ya siku 10 hadi 21 wote wakawa na fizi zilizovimba. Waliporudia usafi, zikapona kwa takriban wiki moja. Ufizi unaotoka damu unaomba kusafishwa zaidi, kwa mswaki laini, kwenye mstari ambapo jino linakutana na nyama. Hatua hiyo ya ufizi kuvimba tu bado inaweza kurudi nyuma. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe, na kazi inakuwa kuzuia usiliwe zaidi.

Mama alikwanguliwa ukoga uliogeuka jiwe, juu na chini ya ufizi, kwa awamu nne. Watu walimwonya kwamba kukwanguliwa kunalegeza meno. Yale mawe yalikuwa yamejaza nafasi ambapo mfupa ulishatoka. Ukiyaondoa unaona uharibifu uliokuwepo tayari. Daktari pia alimtuma akapime sukari, kwa kuwa kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, na ikakutwa iko juu. Amebaki na meno aliyokuwa nayo siku ile, na anarudi kila baada ya miezi mitatu. Mvutaji sigara awe makini zaidi, maana sigara hupunguza damu kwenye fizi, kwa hiyo hata onyo la damu halipati.

Kuna wenye meno yanayoshtuka kwa baridi bila tundu lolote. Mara nyingi ufizi umeteremka au enameli imesuguliwa kwa mswaki mgumu, na dawa ya meno ya kupunguza hisia husaidia ikitumiwa kwa wiki kadhaa. Magego ya mwisho, yanayoota kati ya miaka 17 na 25, yakikosa nafasi hufunikwa nusu na nyama na kuvimba. Yanayosumbua mara kwa mara hung'olewa. Jino la kudumu likitoka lote kwa kuanguka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze kidogo, lirudishe shimoni au liweke kwenye maziwa, na ukimbie. Kila dakika ina thamani, hasa nusu saa ya kwanza. La utotoni lisirudishwe.

Na wazazi, tafadhali, msiseme meno ya utotoni yatatoka tu. Mtoto anaumwa kama sisi, hapati usingizi, hawezi kula, na meno hayo hushika nafasi za yanayokuja. Gego la kwanza la kudumu huota nyuma yao karibu na miaka 6, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni. Kwa tundu la mtoto mdogo ipo dawa ya kupaka yenye fedha na floridi, iliyoingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inasimamisha kuoza bila sindano, ila huacha doa jeusi.

Mwaka mmoja baada ya matibabu nilirudi kupiga picha. Kile kivuli cheusi kilikuwa kimepungua hadi kubaki kama alama ya penseli. Mfupa ulikuwa umejijenga. Daktari akaendelea kuangalia meno mengine, akasimama kwenye gego la kushoto, akalikausha kwa hewa na kunipa kioo. Kulikuwa na doa jeupe, dogo, lisilong'aa.

"Unahisi chochote hapa?" akauliza.

"Hapana, daktari."

"Vizuri. Tumeliwahi." Akalipaka floridi kwa brashi ndogo, akaniambia nipige mswaki usiku kwa dawa yenye floridi, niteme povu bila kusukutua kwa maji, na niache kunywa vitu vitamu kwa vifunda. Ilichukua kama dakika tano. Gego hilo halijawahi kuniuma.